Kisanduku cha taima cha kufungia funguo: ulinzi au mtego? Na ufunguo wa akiba ukae wapi?

#1 WakalaKimara
Wakuu, salama.

Mimi ni wakala wa pesa, kibanda kiko barabarani, sefu iko nyumbani. Kila jioni narudi na pesa taslimu za floti. Nimeona mtandaoni visanduku vya plastiki ngumu vyenye taima kwenye mfuniko. Unaweka kitu ndani, unachagua muda, unabonyeza, kinajifunga na hakifunguki mpaka muda uishe. Hakina namba ya siri wala ufunguo. Wengi wanafungia simu, sigara, biskuti. Mimi nataka kufungia ufunguo wa sefu, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi.

Hoja yangu: ufunguo ambao hata mimi siwezi kuushika usiku ni salama kuliko ulio chini ya godoro. Mwizi akija sina cha kumpa. Ndugu akija na shida yake saa 5 usiku sina cha kumkopesha. Na mechi za Ulaya zikinivuta kubeti kwa pesa za kazi, sina pa kugusa. Sababu zote tatu ni za kweli, hiyo ya tatu msiicheke.

Kinachoninyima amani ni dharura. Mtoto akizidiwa usiku? Betri ikifa? Na nikiweka ufunguo wa akiba, si nitakuwa nimejifungia mlango huku dirisha liko wazi? Wenye uzoefu mnafanyaje?

#2 Mpiga Debe
Siti ya mbele. Ila kwa kuwa umeshatutajia godoro, hamisha huo ufunguo leo hii hii.

#3 Mzee wa Funguo
Nachonga funguo na kufungua makufuli hapa Kariakoo, niseme ninachokijua kwa mikono yangu.

Watu wakinunua visanduku hivi wanaangalia unene wa plastiki. Tazama kinachofunga. Ndani ya mfuniko kuna mota ndogo inayosukuma ulimi, basi. Nyundo moja, bisibisi moja nene, kimefunguka. Kwa mwizi hicho si kizuizi. Kinamzuia mtu asiyetaka kuharibu mali yake mwenyewe, yaani wewe. Kama shida yako kubwa ni hiyo sababu ya tatu, kitakusaidia. Kama ni mwizi, sahau.

Halafu swali. Sefu yako ni ya ufunguo pekee au ya namba? Zile ndogo za namba zina tundu la ufunguo wa dharura lililofichwa nyuma ya kipande cha plastiki pale mbele. Kama ni hizo, kufungia ufunguo ni kazi bure, namba unayo kichwani.

#4 WakalaKimara
Ni ya ufunguo pekee, chuma kizito cha zamani, imefungwa kwa bolti sakafuni. Nilinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga duka. Ilikuja na funguo mbili.

#5 Mzaramo wa Minnesota
Huku Marekani nilifanya kazi kituo cha mafuta zamu ya usiku. Sefu yetu ilikuwa na kufuli la saa. Unaingiza namba, inahesabu dakika 10, ndipo inakupa muda mfupi wa kufungua. Ukichelewa, unaanza upya. Mlangoni kuna stika kubwa inayosema mfanyakazi hawezi kuifungua papo hapo. Maduka makubwa ya dawa yanatumia kitu hicho hicho kwa dawa kali za maumivu. Jambazi hapendi kusubiri dakika 10 mahali penye kamera.

Kwa hiyo namuunga mkono mleta uzi. Muda ni silaha.

#6 Kodi na Saa
#5 mkuu, ulichoeleza ni kufuli la kuchelewesha, si la saa, na tofauti yake ni kubwa kwa uzi huu. La kuchelewesha linaanza kuhesabu pale unapoomba kufungua. La saa linahesabu tangu ulipofunga, na haliombwi. Mpaka muda ufike, hata mwenye namba zote hafungui. Mleta uzi anataka hilo la pili.

Lililoingia sokoni kwa nguvu ni la James Sargent wa Rochester, New York, alilolibuni mwaka 1873. Mwaka uliofuata likafungwa kwenye benki ya mji mdogo wa Morrison, Illinois. Chanzo chake ni kile kile anachokiogopa mleta uzi. Majambazi wa zama zile waliacha kuhangaika na mlango wa chuma, wakawa wanamfuata mwenye namba nyumbani kwake usiku, wanaifunga familia kamba na kumtesa mpaka aseme. Januari 1876 walifanya hivyo kwa karani mkuu wa benki ya Northampton, Massachusetts, wakaondoka na pesa na hati zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 1. Baada ya matukio ya namna hiyo mabenki yakawa na kila sababu ya kununua makufuli ya saa.

Sasa swali la betri. Mafundi wa wakati ule hawakuiamini saa moja. Nyuma ya mlango waliweka saa mbili, tatu, nyingine hata nne, kila moja inajitegemea. Yoyote ikifika sifuri inatosha kuachia komeo. Saa moja ikikwama kwa vumbi, ya jirani yake inafungua. Kisanduku chako cha plastiki kina saa moja, betri za aina moja na mota moja. Hapo ndipo pa kuanzia kufikiria akiba.

#7 Jicho la Tatu
Hiyo historia ya #6 ni nzuri lakini inamgeukia mleta uzi. Karani wa Northampton aliteswa kwa sababu majambazi waliamini kwamba anaweza kufungua. Kufuli la saa linamlinda mtu pale tu jambazi ANAPOJUA kwamba lipo. Ndiyo maana kituo cha mafuta cha #5 kina stika mlangoni. Nyumba ya Kimara haina stika wala kamera. Watu watano wameingia na mapanga, wewe unawaambia "ufunguo umefungwa mpaka saa 12 asubuhi". Nani atakuamini? Utaumizwa kwa kitu ambacho huwezi kukitoa hata ukitaka.

Ushauri wangu usiwe na pesa hiyo ndani. Kabla ya kufunga kibanda pitia kwa wakala mkuu au benki, geuza taslimu iwe floti ya kwenye simu, baki na kiasi kidogo. Sefu isiyo na kitu haihitaji taima.

#8 Ngosha wa Buzuruga
Jambazi: "Fungua!" Wakala: "Subiri, zimebaki saa sita na nusu." Jambazi atakaa sebuleni akuombe chai.

#9 WakalaKimara
#7 umenigusa kweli, asante. Ila wakala mkuu wangu anafunga mapema kuliko mimi, na wateja wa kutoa pesa alfajiri ndio wengi, wanaowahi sokoni. Taslimu lazima nibaki nazo.

#10 mamaNuru
Mimi ni muuguzi. Nijibu hilo la mtoto kuzidiwa, maana naona kila mtu amekimbilia majambazi.

Wodini tuna kabati la DDA, yaani la dawa kali zinazodhibitiwa na sheria. Ni kabati ndani ya kabati, funguo mbili, zinakaa kwa msimamizi wa zamu, mwilini mwake. Zamu ikibadilika mnahesabu dawa pamoja, mnasaini kitabu, ndipo funguo zinahama mkono. Hakuna taima pale, na haitakiwi kuwepo, kwa sababu mgonjwa mwenye maumivu hasubiri saa 12. Kinacholinda ni kwamba kila ufunguo una mwenyewe anayejulikana kwa jina na kwa saa.

Sasa kaka yangu, mtoto akizidiwa usiku huhitaji ufunguo wa sefu. Unahitaji nauli na pesa ya kuanzia hospitali. Tenga kiasi hicho kando, kwenye simu ya mkeo au kwenye bahasha anayoijua yeye, nje kabisa ya sefu. Dharura ya pesa iwe na pesa yake. Baada ya hapo taima haikutishi tena.

Na jambo ambalo sitaki lipite hivi hivi: USIFUNGIE kwenye kitu chochote chenye taima ufunguo wa mlango, wa geti la ndani, wala wa nondo. Nyumba zetu zina nondo kila dirisha na kufuli kila mlango. Nimewapokea wodini watu walioungua kwa sababu moto ulianza sebuleni na ufunguo wa geti la ndani haukuonekana gizani. Ufunguo wa kutokea ukae karibu na mlango, mahali pamoja siku zote, mtoto mkubwa anapajua, na mwizi wa nje hafikii kwa mkono. Zimamoto ni 114, iandikeni mahali panaposomeka. Ufunguo wa kutokea hauna mjadala wa nidhamu wala wa akiba.

#11 Mpiga Debe
#10 heshima yako dada. Nimeinuka kwenda kuangalia wa kwangu uko wapi.

#12 Dereva wa Tabata
Mimi nina kesi yangu, wakubwa nisaidieni. Kaka yangu ana bodaboda. Akinywa anataka kuendesha, akiamka anajuta. Mwenyewe aliomba tumtafutie njia, hakulazimishwa. Tulimnunulia kisanduku cha namna hiyo. Ijumaa akirudi kazini anaweka ufunguo ndani mpaka Jumamosi mchana, ndipo anatoka kwa miguu. Kimemsaidia sana. Lakini mama yetu ana wasiwasi, anasema siku mtu akitakiwa kukimbizwa hospitali itakuwaje, pikipiki ipo na ufunguo umefungwa.

#13 Mzee wa Funguo
#12 ufunguo wa bodaboda nauchonga dakika chache tu, na wenye ujuzi hawahitaji hata ufunguo, wanaunganisha waya. Kama kaka yako angetaka kuendesha Ijumaa, angeendesha. Kwa hiyo kinachomzuia si kile kisanduku. Kijana ameamua. Msimvunje moyo kwa kumwambia siri hiyo, lakini nyie mjue.

#14 Dereva wa Tabata
Anajua vizuri sana, Mzee, yeye ni fundi pikipiki! Ndiyo maana nashangaa kinafanya kazi.

#15 Kodi na Saa
Kinafanya kazi kwa sababu hamu ina muda wake. Ile kusema "niendeshe sasa hivi" inadumu dakika kadhaa, na ndani ya dakika hizo angetakiwa atafute vifaa, afungue waya, akiwa amelewa. Hamu inapoa kabla kazi haijaisha. Huhitaji ukuta usiovunjika, unahitaji kizuizi kinachodumu kuliko hamu.

#16 Mama Kikoba Tegeta
Naheshimu maelezo ya #15 lakini mimi naona ni aibu, si muda. Asubuhi akionekana na waya zilizokatwa au kisanduku kilichopasuka, familia nzima inajua. Angekuwa anakaa peke yake, asingemaliza mwezi.

Nasema hivyo kwa sababu nimekuwa mshika funguo wa kikoba chetu. Sanduku la kikoba lina makufuli matatu na funguo tatu, zinashikwa na wanachama watatu ambao si viongozi, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Halifunguliwi ila kwenye kikao, mbele ya wote. Ukitazama sana, hilo nalo ni kufuli la saa, saa yake ni siku ya kikao. Bati la sanduku lile linakatwa kwa mkasi wa fundi. Hatujaibiwa, kwa sababu macho ni mengi.

Kwa mleta uzi: ufunguo wako wa pili usiufiche nyumbani. Mpe mtu. Asiwe mtu wa kubeti naye, asiwe mdeni wako, na asiishi mbali kiasi cha kuhitaji basi.

#17 Chuma Cha Pua
Au afanye hivi. Anunue kisanduku kidogo cha ukutani cha namba nne, aweke ufunguo wa akiba humo, kisha namba mbili za mwanzo ampe mke, mbili za mwisho ampe kaka. Hakuna anayeweza peke yake. Tatizo limeisha.

#18 Kodi na Saa
Halijaisha. Namba nne zina michanganyiko 10,000. Ukimpa mtu mbili kati ya hizo, amebakiza 100 tu. Akikaa na kisanduku jioni moja anajaribu zote huku anaangalia tamthilia. Kukata siri vipande viwili hakuigawanyi sawasawa, kunampa kila mmoja sehemu kubwa ya kazi. Adi Shamir alitatua hilo mwaka 1979 kwa hesabu: siri inagawanywa kwa watu kadhaa, ukipata idadi uliyoiweka inarudi nzima, ukipungukiwa na mmoja huna hata fununu. Wanaotunza nywila za sarafu za mtandaoni wanaitumia. Kwa ufunguo wa chuma, makufuli matatu ya Mama Kikoba ndiyo hesabu hiyo, isipokuwa yeye lazima wote watatu waje.

#19 Mama Kikoba Tegeta
Asiyekuja anatuma ufunguo na mtoto. Tunamjua mtoto.

#20 Ngosha wa Buzuruga
Mmetaja sarafu za mtandaoni. Kuna yule mkubwa wa QuadrigaCX, soko la sarafu hizo la Kanada, alifariki India mwaka 2018 akiwa peke yake anajua nywila, pesa za wateja zikafungwa milele. Huo ndio mfano wa kufungia bila akiba.

#21 Kodi na Saa
Habari ilianza hivyo, Ngosha, ila haikuishia hapo. Mwaka 2020 tume inayosimamia masoko ya hisa ya Ontario, Kanada, ilitoa ripoti kwamba sehemu kubwa ya pesa ilikuwa imeshapotea kwa udanganyifu wake mwenyewe kabla hajafa. Nywila zilizopotea hazikuwa sababu kuu. Mfano wa funguo kupotea tutafute mwingine.

Na kwa kuwa tumefika huko, kuna wanaodhani kompyuta itatunza muda vizuri kuliko mota ya plastiki. Mwaka 1999 Ron Rivest wa chuo cha MIT, Marekani, alitoa fumbo la hesabu lililokusudiwa kuchukua miaka 35 kulifungua, kompyuta ikikokotoa mfululizo bila njia ya mkato. Mwaka 2019 Bernard Fabrot wa Ubelgiji akalimaliza kwa kompyuta ya kawaida iliyofanya kazi kama miaka mitatu na nusu. Kukadiria muda ni kugumu hata kwa mabingwa.

#22 Mpiga Debe
Tumetoka Kimara tumefika Ubelgiji. Dereva, rudisha gari njiani.

#23 Mswahili wa Kisauni
Salamu kutoka Mombasa. Nimesoma yote, na kuna jambo la huku Kenya linalolenga swali la kwanza kabisa.

Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya utafiti Magharibi mwa Kenya kwa watu wa vyama vya kuchangishana pesa kwa mzunguko, ukachapishwa 2013. Kundi moja walipewa sanduku la chuma lenye kufuli pamoja na ufunguo wake, waweke akiba ya vitu vya afya. Kundi jingine walipewa sanduku lile lile, ila ufunguo ukabaki kwa ofisa wa mradi, mpaka mtu afikishe lengo. Mngetarajia lipi lishinde? Lililoshinda ni lile la kwanza, ambalo mtu ana ufunguo mfukoni. Matumizi yao ya vitu vya kinga yalipanda kwa asilimia 66 hadi 75. Lile la ufunguo kwa ofisa halikuonyesha tofauti ya maana, kwa sababu watu waliogopa kuweka pesa ambayo dharura ikija hawaifikii.

Kwa hiyo ndugu wakala, ufunguo wa akiba haukuharibii nidhamu. Kukosa akiba ndiko kutakufanya uache kukitumia kisanduku baada ya wiki. Sanduku lililo wazi kwa mwenyewe lilitosha kumwambia ndugu mwombaji "hizi zina kazi yake".

#24 Kodi na Saa
Utafiti huo ni wa kweli, lakini kuna wa Ufilipino uliochapishwa 2006, wa Nava Ashraf, Dean Karlan na Wesley Yin. Pale benki iliwapa watu akaunti ambayo hutoi mpaka tarehe au kiasi ulichokiweka mwenyewe kifike. Baada ya mwaka, akiba ya waliopewa nafasi hiyo ilikuwa imepanda kwa asilimia 81 kuliko ya wasiopewa. Kufuli gumu lilifanya kazi.

#25 Mswahili wa Kisauni
Waliopewa nafasi, lakini walioikubali ni baadhi tu, tena kwa hiari yao. Na kiasi ni wao walichagua. Ukitazama huku kwetu, M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ya kwenye simu, ina akaunti ya kufungia pesa kwa miezi, na hata hiyo imeacha njia: ukitaka kabla ya muda unatoa taarifa, unasubiri saa 48. Waliotengeneza walijua kwamba bila mlango wa nyuma watu hawataingia wa mbele.

#26 Jicho la Tatu
Saa 48 ni nyingi kwa mtoto mwenye homa. Narudi kwa mamaNuru: pesa ya dharura kando.

#27 Binti Bahari
Mbona hakuna aliyetaja lakiri? Nilisimamia chumba cha mitihani na nimewahi kufanya kazi kituo cha kura, kote tulitumia vile vipande vya plastiki vyenye namba, ukivuta vinakaza, huvifungui bila kukata. Vinauzwa kwa mafungu. Hiyo ndiyo akiba ninayoipendekeza. Ufunguo wa pili kwenye kopo lenye lakiri, namba yake umeiandika kwenye daftari la hesabu za kibanda, mke naye ameiandika kwake. Usiku wa dharura unakata, sekunde mbili, hakuna kusubiri. Asubuhi kuna lakiri iliyokatwa na lazima uandike sababu na namba mpya. Mtu anayetaka kubeti atakata? Atakata. Lakini hatakata kimya kimya.

Bahasha iliyosainiwa juu ya gundi inaweza kutumika pia, ila mvuke wa sufuria unaifungua. Lakiri haifunguki kwa mvuke.

#28 Mama Kikoba Tegeta
#27 umesema nilichokuwa natafuta.

#29 Mzee wa Funguo
Lakiri za bei rahisi zinafunguliwa kwa kipande chembamba cha bati bila kukatwa. Chukua zile zenye waya ndani. Vinginevyo wazo zuri sana.

#30 Ngosha wa Buzuruga
Mimi mwanafunzi wangu wa geto aliniambia njia ya bure. Ufunguo kwenye bakuli la maji, weka friza. Ukiutaka, subiri barafu iyeyuke.

#31 Mzee wa Funguo
Ufunguo wa chuma mtupu sawa. Wa gari wenye rimoti usithubutu, betri na saketi yake havitaki maji, na wa gari wenye chipu ukiuharibu huchongewi kwa dakika chache, lazima gari lisomeshwe ufunguo mpya kwa kompyuta.

#32 mamaNuru
Hiyo ya barafu naipenda kwa jambo moja: maji ya moto yanaikata kwa dakika chache bila kuvunja kitu. Na umeme ukikatika, inafunguka yenyewe.

#33 Kodi na Saa
mamaNuru umegusa swali ambalo kila mnunuzi anatakiwa aulize: nguvu ikiisha, kitu hiki kinabaki kimefunga au kinaachia? Makufuli ya sumaku ya milango ya ofisi, umeme ukikatika, yanaachia, ili watu watoke. Sefu na visanduku vingi vya taima vinabaki vimefunga, kwa sababu mota haisogei bila umeme. Vyote ni sahihi mahali pake. Kwa ufunguo wa kutokea, kinachoachia tu. Kwa floti, kinachofunga, lakini uwe umeshapanga utaingiaje.

Barafu kama taima, hapana. Ya Njombe mwezi Julai na ya Dar mwezi Februari si saa moja.

#34 Dereva wa Tabata
Kwa hiyo kaka yangu nimwambie nini?

#35 Mama Kikoba Tegeta
Ufunguo wa pili wa bodaboda ukae kwa mama yenu, kwenye kopo la lakiri la #27. Wa kukimbizwa hospitali akiwepo, dereva awe mwingine asiyekunywa, mama ndiye anakata. Na muweke namba za bodaboda wawili wa jirani. Mwenye wasiwasi ndiye apewe akiba, hapo wasiwasi unaisha na kijana hausogelei.

#36 Dereva wa Tabata
Hilo la mama kushika, sikuwa nimelifikiria. Shukrani sana.

#37 WakalaKimara
Nimesoma kila kitu, asanteni. Nilichofanya mpaka sasa: pesa ya hospitali iko kwenye simu ya mke wangu. Ufunguo wa kutokea umetundikwa msumari wa ndani, mbali na dirisha. Ufunguo wa pili wa sefu uko kwa shemeji, mitaa miwili kutoka hapa, umefungwa lakiri ya waya, namba tunayo wote watatu. Kisanduku nimekijaribu kwanza kikiwa na sarafu tu ndani, muda mfupi mfupi, ndipo nikaweka ufunguo. Betri mpya, na nabadilisha kabla hazijachoka.

Lililobaki ni la #7. Nikivamiwa, nasema nini? Nimeacha bahasha yenye taslimu kidogo nje ya sefu ya kutoa haraka. Mnaonaje?

#38 Jicho la Tatu
Bahasha ni sawa, iwe na kiasi kinachoaminika kwa wakala. Lakini bado nasema punguza taslimu. Ongea na mawakala wenzako wa mtaa mmoja mbadilishane jioni, mwenye floti nyingi ya simu achukue taslimu zako. Na kisanduku usikiweke karibu na sefu. Akikiona ataelewa kila kitu, na nyundo ipo.

#39 Mzaramo wa Minnesota
Mimi ningebandika stika hata hivyo. Kibandani, si nyumbani: "Pesa hazilali hapa." Watu wanasoma.

#40 Jicho la Tatu
Ukiandika hazilali hapa, umewaambia wakufuate zinakolala.

#41 Mswahili wa Kisauni
Kweli hiyo. Bandika kwamba unapokea taslimu hadi saa 12 jioni tu, na ufuate. Anayekuvizia atajua saa ya mwisho hauna nyingi.

#42 Chuma Cha Pua
Jamani swali la pembeni. Nimeona kufuli dogo lenye taima linalochajiwa kwa waya wa simu, unaweza kulifunga kwenye kasha lolote. Bora hilo au kisanduku?

#43 Mzee wa Funguo
Kabla hujalipa, muombe muuzaji akuruhusu jaribio hili. Lifunge kwa dakika tano, liache liishe chaji kabisa likiwa limefunga, kisha uchaji uone linafanya nini. Mengine yanaendelea na hesabu pale yalipoishia, mengine yanaanza upya kutoka mwanzo, na nimeletewa moja lililokataa kabisa, nikalikata. Kisanduku chenye betri za kawaida unabadilisha betri hapo hapo kama mlango wa betri uko nje. Kama mlango wa betri uko upande wa ndani, achana nacho, hata kama ni cha bei nafuu. KSafe, kisanduku cha taima cha Marekani, inafunga hadi siku 10. Jiulize mtu wa kwenu akikosea kubonyeza akaweka siku badala ya saa, itakuwaje.

#44 Chuma Cha Pua
Muuzaji ni wa mtandaoni, jaribio halikubali. Nitachukua chenye betri za nje.